Jeraha Lenye Tundu Katikati

Noreen Pulaski aliivaa soksi ya nailoni mkononi kama glavu, akaanza kupapasa benchi la juu, ubao baada ya ubao, kutoka ukutani kuelekea mlangoni. Jiko la mawe lilikuwa limezimwa tangu Novemba. Chumba cha mvuke kisicho na mvuke kilikuwa cha baridi kuliko nje, na pumzi yake ilionekana.

"Unatafuta nini hasa?" aliuliza Annegret Lohmeier, amesimama mlangoni na mikono kwapani.

"Msumari. Nailoni hunasa kitu ambacho kidole hakikisikii."

"Hakuna msumari. Marehemu mume wangu Joachim alifunga kila ubao kwa skrubu, tena kwa chini, ili mtu asikalie chuma. Nilimwambia wakili. Nikawaambia watu wa bima. Hata yule wa gazeti nilimwambia."

"Najua, mama. Lakini saa nane watu wataniuliza kama nimetafuta, na lazima niseme nimetafuta."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Barafu ya ziwa Erie ilikuwa inavunjika, na kila dakika chache mlio kama wa mlango mkubwa uliovutwa kwa nguvu ulisikika kutoka ufukweni. Kila uliposikika, Noreen alitazama saa.

Kwa miaka ishirini alikuwa amekagua majengo ya wilaya. Miaka sita iliyofuata alikuwa akiwapelelezea mawakili, hasa Gideon Marsh, aliyekuwa akimtetea Annegret. Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Jumamosi ya pili ya Novemba, Dwight Ferrell, muuza matrekta na shemasi wa kanisa, aliingia humu pamoja na watu wengine sita. Baada ya dakika kumi alitoka akipiga kelele. Sasa alidai mambo mawili: kwamba alilazimishwa kukaa uchi mbele ya wanaume na wanawake asiowajua, na kwamba msumari wenye moto ulimuunguza kalio la kulia. Mkewe Charlene aliungana naye katika madai. Yeye alisema tangu siku hiyo amepungukiwa na faraja ya ndoa.

Leo saa nane mchana Dwight angehojiwa kwa kiapo katika ofisi ya Marsh. Kesho jioni baraza la mji wa Port Harlan lingepiga kura juu ya leseni ya nyumba ya mvuke. Leseni ikienda, Annegret asingekuwa na kazi hapa, wala kibali cha kuendelea kukaa. Angerudi Ujerumani baada ya miaka kumi na minane, na kumwacha Joachim peke yake kwenye makaburi yaliyo nyuma ya zimamoto.

"Hiyo ya mkewe bado sijaielewa," alisema Annegret. "Mume wake hamkumbatii, ananishtaki mimi?"

"Sheria inaruhusu."

"Na ile keki? Nilimpelekea keki ya plamu mpaka mlangoni. Nikaandika kadi: nasikitika sana kwa yaliyokupata. Wakasema nimekiri."

"Huku ukimwambia aliyeumia samahani, wakili wake anasikia umekubali kosa."

"Kwa hiyo mtu akianguka barabarani mnamtazama tu?"

"Hapana. Tunampigia wakili."

Annegret alicheka kidogo bila kutaka. "Na wewe uliniuliza juzi kwa nini sikuwasainisha wageni karatasi. Mtu mzima anahitaji karatasi kumwambia kwamba jiko ni moto?"

"Hapa anahitaji mbili. Moja ya kwake na moja ya faili."

Soksi ilinasa.

Noreen alisimamisha mkono. Ilikuwa kona ya kushoto kabisa, karibu na jiko. Aliivua soksi, akainama na tochi. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimechomoza juu ya ubao kwa unene wa sarafu.

Annegret alisogea, akaona, na uso ukamshuka. "Hiyo si ya Joachim."

"Nani aliiweka?"

"Fundi. Mwaka juzi ubao uliachia. Mungu wangu. Basi ni kweli."

"Bado." Noreen alitoa rula ya chuma, akapima, akapiga picha tatu, akaandika kwenye daftari. Kichwa kilikuwa na upana wa milimita nane, kimejaa, na mchoro wa nyota katikati. "Hapa huwa panakaa nini?"

"Ndoo ya maji ya kumwagia mawe. Siku zote."

Kweli ubao ulikuwa na doa la duara, upana wa ndoo, na skrubu ilikuwa ndani ya doa hilo.

"Utaiandika?" Annegret aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeshaiandika. Nikiificha ndipo tutakuwa na kosa la kweli." Noreen alikunja soksi. "Siku ile wewe ndiye uliyemwaga maji. Dwight alikuwaje humu ndani?"

"Alikuwa mtu kati ya watu."

"Ulimtazama?"

Annegret alimshangaa kama aliyeulizwa kama huwa anafungua barua za jirani. "Kwetu hatutazami. Watu wako uchi, utawatazamaje? Ni kukosa adabu."

Kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo kilining'inia kile kibao kilichoitwa na wakili wa Dwight chombo cha kudhalilisha: picha ya bukta ya kuogelea iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na chini yake maneno: *Kaa juu ya taulo. Nguo za kuogelea haziruhusiwi.* Noreen aliyasoma kwa mara ya kumi. Kabla ya kutoka alirudi ndani mara moja, akahesabu mbao za dari. Hakujua kwa nini. Ilikuwa tabia ya ukaguzi.

* * *

Kocha Curtis Vance alifunga mlango wa stoo ya vifaa vya michezo, kisha akahakikisha kama umefungwa.

"Nani amekupa jina langu?"

"Kitabu cha wageni."

"Niliandika jina la uongo."

"Uliandika 'Kocha V.' na namba ya gari lako."

Vance aliketi juu ya mfuko wa mipira. Alikuwa mtu mpana, aliyezoea kupaza sauti uwanjani. Hapa aliongea kama aliye maktabani. "Dada, sikiliza. Mgongo wangu ulikuwa unaniua. Daktari akasema joto litasaidia. Nilikwenda mara moja tu."

"Kitabu kinasema mara tisa."

"Mgongo wangu ni mbaya sana."

Noreen hakutabasamu. Alikuwa amesimama, tangu asubuhi alikuwa hajaweza kukaa mahali zaidi ya dakika mbili. "Mlikuwa saba kwenye chumba ambacho si kikubwa kuliko chumba changu cha kupikia. Dwight Ferrell alikuwa amekaa wapi?"

"Sikuona."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa natazama dari."

"Wanda Ostrander wa maktaba ameniambia alikuwa anatazama dari. Daktari wa meno naye, dari. Dari hiyo ina mbao ngapi, kocha?"

"Kumi na nne," alisema Vance papo hapo.

Ndivyo Noreen alivyokuwa amehesabu. Mtu huyu alikuwa anasema kweli, na ukweli wake haukuwa na faida. Wamarekani sita walikuwa wameona haya kutazama, Mjerumani mmoja aliona ni utovu wa adabu kutazama, na kwa njia hizo mbili mbalimbali mtu alikuwa ameungua katikati yao bila shahidi.

"Basi niambie usichokiona," alisema. "Uliona miguu? Taulo?"

Vance alijikuna shingo. "Taulo, ndiyo, kwa pembe ya jicho. Sote tulikalia taulo zetu, kama kibao kinavyosema. Yeye alijifunga lake kiunoni. Nilifikiri, huyu mgeni, ataungua matako kwenye ubao. Alisimama kwanza, akaligeuzia jiko mgongo, kama anaota moto. Muda mrefu hivi. Alipokaa tu, akaruka."

"Alikaa upande wa jiko? Karibu na ndoo?"

"Hapana. Kule mwisho, upande wa dirisha. Ndoo ilikuwa miguuni kwangu."

Noreen aliandika, akapigia mstari. Skrubu ya fundi haikuwa imemgusa Dwight. "Utayasema haya mahakamani?"

"Mimi? Nisimame mbele ya jaji niseme nilikuwa uchi chumba kimoja na mama wa maktaba? Nina wazazi mia mbili wanaonikabidhi watoto wao. Kufikia Ijumaa watakuwa wamekusanya saini." Aliinuka, akaanza kupanga kofia ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Yule mama Mjerumani ni mtu mwema. Mwambie nimesema hivyo. Usimwambie nani kasema."

Nyuma ya kocha, kwenye kamba iliyovutwa toka ukuta hadi ukuta, bukta za darasa la kuogelea zilikuwa zimeanikwa. Zilikuwa bado mbichi. Maji hayakudondoka kwenye pindo. Yalidondoka kwenye mfuko wa nyuma, tone moja moja, kutoka kwenye kitundu kilichozungushiwa kipete cha chuma.

Alitoa kwenye faili picha iliyopigwa kliniki siku ya tukio. Alikuwa ameitazama mara arobaini. Muuguzi alikuwa ameweka rula ya karatasi pembeni ya jeraha, na jeraha lilikuwa jekundu, la mviringo, na katikati yake palikuwa na ngozi nzima, nyeupe, isiyoguswa. Wakili wa Dwight alikuwa ameandika *msumari*, na tangu hapo kila mtu, Noreen akiwemo, alikuwa ametazama picha na kuona msumari. Lakini kichwa cha msumari kimejaa. Hakiachi tundu katikati.

"Kocha, nikopeshe moja."

"Bukta?"

"Dakika moja tu."

Alipima. Kisha akatoka mbio, na Vance akabaki ameishika bukta ile mikononi, maji yakimdondokea viatu.

* * *

Alimpigia Annegret akiwa bado hajafunga mkanda wa gari.

"Mama, siku ile kuna mtu aliacha bukta ya kuogelea?"

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

"Kwenye kikapu cha vitu vilivyosahauliwa. Ilikuwa chini ya benchi la kubadilishia nguo, imetupwa tu. Nimeifua nikaipiga pasi. Nimeiweka kwenye mfuko na tarehe juu."

Noreen aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Miezi minne. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza misumari. Kila mtu ananiuliza misumari."

"Ulijua ni ya nani?"

"Nilihisi. Wageni wangu wengine hawaji nazo."

"Na ulikwenda nyumbani kwake na keki. Kwa nini hukumrudishia?"

"Aliyefungua mlango ni mkewe!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Annegret ilikuwa na ukali. "Nimpe mwanamke bukta ya mumewe mlangoni kwake? Niseme nini? 'Habari za asubuhi, mume wako aliiacha kwangu'? Mna mawazo gani nyinyi? Mimi nina heshima yangu."

Noreen aliwasha gari. Saa ilionyesha saba na robo.

"Usiiguse," alisema. "Nakuja."

* * *

Chumba cha mikutano cha Gideon Marsh kilikuwa na meza ndefu na dirisha linalotazama ziwa. Dwight Ferrell aliketi kiupande kwenye kiti chake, kwa tabia sasa, maana jeraha lilikuwa limepona zamani. Mkewe Charlene alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Kwenye kiti kilichokuwa katikati yao aliweka mkoba wake, mkubwa, wima, mfano wa ukuta. Noreen aliuona mkoba kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Rex Bellamy, wakili wao, ambaye uso wake ulikuwa kwenye mabango matatu ya barabara kuu, alitazama saa. "Tuanze. Nina kesi ya mbwa saa kumi."

Dwight aliapa. Karani wa kumbukumbu, mama mmoja mkimya, alianza kubonyeza mashine yake.

Marsh aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia. "Bwana Ferrell, ulipokuwa ndani ya chumba cha mvuke, ulivaa nini?"

"Sikuvaa kitu."

"Hata kidogo?"

"Kibao kilikataza. Nililazimika."

Charlene aligeuza uso dirishani. Barafu ilikatika mahali fulani, na Dwight akashtuka.

"Taulo lako lilikuwa wapi?"

"Nililikalia."

"Hukujifunga kiunoni?"

Dwight alimtazama Bellamy. "Sikumbuki."

"Na kitu kilichokuunguza?"

"Msumari."

"Uliuona?"

"Niliusikia," alisema Dwight, na kwa hilo hakuna aliyeweza kumpinga.

Marsh alimgeukia Noreen, akamwashiria kwa kichwa. Noreen aliweka mezani picha ya skrubu. "Hiki ndicho chuma pekee kilichochomoza katika mabenchi yote," alisema. "Kipo ndani ya doa la ndoo, upande wa jiko. Milimita nane, kimejaa." Kisha picha ya kliniki. "Jeraha lina milimita kumi kwa nje, tano kwa ndani. Katikati ngozi haikuungua." Kisha akafungua mfuko wa karatasi wenye tarehe ya Novemba kwa mwandiko ulionyooka, akatoa bukta, akaitandaza.

Ilikuwa ya kijani, yenye picha za mabata. Mikunjo ya pasi ilisimama kama ya suruali ya harusi. Aliigeuza upande wa nyuma, akaweka rula juu ya kipete cha mfuko wa kulia.

"Kumi kwa nje," alisema. "Tano kwa ndani."

"Napinga," alisema Bellamy. "Bukta za namna hiyo zimejaa madukani. Inaweza kuwa ya mtu yeyote."

"Si ya mtu yeyote," alisema Charlene.

Kila mtu alimgeukia. Karani alibonyeza.

"Bi Charlene, tafadhali," alisema Bellamy.

"Niliinunua mimi. Ya safari ya Florida. Pindo lilifumuka, nikalishona kwa uzi wa bluu kwa sababu wa kijani uliniishia." Aliinama, akafunua pindo la mguu wa kushoto. Uzi wa bluu ulikuwepo. "Dwight. Ulikuwa umeivaa?"

"Usijibu," alisema Bellamy.

"Swali si langu," alisema Marsh, "lakini ningependa jibu liandikwe."

"Nimesema usijibu. Tusimame kidogo, tutoke nje tuongee."

Dwight hakusimama. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alitazama bukta, akatazama karatasi za Bellamy, akatazama ule mkoba kwenye kiti.

Noreen alikuwa ameona nyuso nyingi za watu waliokamatwa na uongo wao, na alijua kwa kawaida kinachofuata ni hasira. Alingoja hasira. Haikuja.

"Sikuivua, Char," alisema Dwight.

"Dwight!" alisema Bellamy.

"Sikuivua. Nilifika pale, nikaona kibao, nikaona wanawake wanaingia hivi hivi kama wanaingia dukani, nikashindwa. Niliona haya. Nikajifunga taulo juu yake ili yule mama asiione akanifukuza. Basi. Halafu lile dude la mfukoni likashika moto, nikatoka, nikaivua nikaitupa."

"Miezi minne," alisema Charlene. Sauti yake haikupanda. "Miezi minne nakaa kanisani watu wananigeukia. Mama yako ananiuliza walikuwepo wanawake wangapi mle. Nimelala kwenye chumba cha cherehani. Na wewe ulikuwa na nguo mwilini?"

"Kliniki nilisema niliungua kwa yule Mjerumani. Wao wenyewe wakajua nilikuwa uchi. Gazeti likaandika. Rex akasema hiyo ndiyo nguvu ya kesi, kwamba bila hiyo ni alama ndogo tu kwenye kalio. Nikasema nitakueleza kesho. Halafu kesho yake ukahamia kwenye cherehani."

"Mimi nilisema kesi ina pande nyingi," alisema Bellamy, akikusanya karatasi. "Tumesimama. Mama, acha kuandika."

"Hamjakubaliana kusimama," alisema karani bila kuinua macho. "Bado naandika."

Charlene alinyoosha mkono. Noreen alifikiri anaichukua bukta. Alichukua mkoba, akauweka chini, sakafuni, kwenye miguu yake. Kiti cha katikati kikabaki kitupu. Baada ya muda Dwight alihamia pale, akakaa vizuri, kwa makalio yote mawili.

"Madai yangu mimi nayafuta," Charlene alimwambia Marsh. "Yake atasema mwenyewe."

"Na mimi," alisema Dwight.

Bellamy alifunga faili, akaangalia saa, akamwambia mteja wake kwamba watazungumza. Alitoka kwenda kwenye kesi ya mbwa.

Marsh alikuwa tayari ameshika simu, anamtafuta katibu wa baraza la mji. Noreen alisimama dirishani. Miguu yake ilikuwa bado inataka kwenda mahali, ila sasa hapakuwa na mahali pa kwenda. Alisikia kiti kikisogea, na Charlene akawa pembeni yake.

"Sahani yake bado ninayo," alisema. "Ile aliyoleta na keki."

"Keki mliila?"

"Rex alisema tusiile. Alisema ni ushahidi. Iko kwenye friji, imeganda, imefungwa kwenye mfuko wenye namba." Alipangusa pua. "Nyumba nzima tumeitazama keki miezi minne. Kesho kabla ya kikao nitampelekea sahani mwenyewe. Unafikiri atanifungulia?"

"Atakufungulia. Na atakuambia anasikitika. Ni mtu wa hivyo."

Charlene alirudi mezani, akaegemea mbele mpaka uso wake ukawa karibu na ile mashine ndogo.

"Bado unaandika, mama?"

"Naandika."

"Andika kwamba Charlene Ferrell amesema samahani," alisema. "Anajua maana yake. Andika tu."